Vidudu vya Theluji kwenye Daraja la Shirabe

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Mama hufungua mlango wa gari, huweka mkoba wake wa uuguzi kwenye kiti cha nyuma na kuniambia neno lile lile: "Chizuru, mkanda." Hata kama nimeshaufunga. Babu naye husimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akitazama matairi badala ya kutuaga. Ndivyo alivyo Babu Gisaburo. Aliendesha gari la kuzoa theluji kwa miaka thelathini na minne kabla hajastaafu, na hadi leo akikutana na mtu hutazama kwanza matairi ya gari lake, ndipo amtazame usoni.

Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini. Mama hufungua redio tukasikiliza habari za hali ya hewa. Tunapita mazizi ya ng'ombe, tunapita ghala la ushirika wa maziwa, kisha barabara inateremka kuelekea mtoni. Pale kwenye kibao cha njano Mama hunyoosha mkono na kuzima redio. Hasemi kitu, nami sisemi kitu. Tunavuka Daraja la Shirabe kimya kimya, na tukifika ng'ambo anaiwasha tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Kingo za daraja hilo ni za chuma cha zamani, zimefifia na kushika kutu. Isipokuwa kipande kimoja upande wa kushoto, kama mita nane hivi. Hicho ni kipya na ni cheupe. Hapo ndipo gari la Baba lilipopitia na kuanguka mtoni.

Ni miaka miwili sasa. Baba alikuwa akisaidia kukamua ng'ombe kwenye mashamba ya ng'ambo ya mto, na alikuwa akiondoka alfajiri. Asubuhi ile hakukuwa na theluji hata chembe moja. Barabara yote ilikuwa kavu. Ni daraja peke yake lililokuwa limeganda, barafu nyembamba ambayo jicho haliioni, na gari la Baba bado lilikuwa na matairi ya kiangazi, yasiyoshika kwenye barafu. Kila tarehe ishirini na sita Babu hupeleka pale kopo la kahawa ya maziwa, ile tamu mno aliyoipenda Baba, akaliweka chini ya kile kipande cheupe.

Watu wa kwetu walidhani naliogopa daraja. Hata mwalimu wangu alinikalisha dirisha la upande wa mlimani ili nisiuone mto. Maskini, hawakujua. Sikuwa naogopa daraja. Nilikuwa naogopa vidudu.

Huku Hokkaido, kisiwa chetu cha kaskazini, Oktoba ikikaribia kwisha, hutokea vidudu vidogo vyenye manyoya meupe matumboni. Vinaelea tu hewani kama majivu ya karatasi, vinakaa kwenye nywele, kwenye mikono ya sweta, kwenye nguo zilizoanikwa. Tunaviita vidudu vya theluji. Vikionekana leo, watu wanahesabu siku kumi, na mara nyingi siku ya kumi theluji ya kwanza inaanguka. Basi ndani ya siku hizo kila nyumba inabadilisha matairi, inavua ya kiangazi na kuvalisha ya baridi.

Nyumbani kwetu kazi ya kuviona ilikuwa yangu. Tangu nikiwa na miaka mitano mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa vidudu. Nikikiona cha kwanza, nilikuwa nakimbia hadi kwa Baba nikihema, "Baba, vimefika!" Naye alikuwa anaacha chochote alichoshika, anasimama wima, anapiga saluti na kusema, "Taarifa imepokelewa, Mkuu!" Siku hiyo hiyo anatoa jeki.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Jumatano, nyuma ya shule, kidudu kimoja kilitua kwenye mkono wa sweta langu. Nilikitazama. Kisha nikakipuliza kikaenda zake.

Nitasema kwa nini, na msinicheke. Baba alikuwa ameniahidi kwamba Jumamosi tungekwenda mjini Asahikawa kuchagua viatu vyangu vya kuteleza kwenye barafu. Nikajua nikimpa taarifa, Jumamosi yote italiwa na matairi, yetu na ya majirani, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kukataa akiombwa. Nikajiambia nitamwambia Jumapili. Ijumaa alfajiri Baba akaondoka kwenda kukamua ng'ombe, akapiga honi mara moja pale kwenye kona kama kawaida yake, na hakurudi tena.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Tangu siku ile hakuna aliyetaja vidudu nyumbani kwetu. Vikipita hewani Mama aliangalia pembeni, Babu alijikohoza akaingia ndani. Na koti la bluu la Baba likabaki kwenye ndoano mlangoni, pale pale alipolitundika Alhamisi jioni. Mama hakulifua wala hakumruhusu mtu kulishusha. Mara ngapi nimerudi kutoka shuleni jioni, ukumbi una giza, nikaliona nikasema, "Baba, umerudi?" Halafu nasimama pale na viatu mkononi, najichukia.

Na honi ile naisikia. Nikiwa nafumba macho, nikiwa najikuna kichwa juu ya hesabu, naisikia kwenye kona, mara moja tu.

* * *

Mwaka huu vidudu vilikuja siku ya Jumatano tena.

Tulikuwa uwanjani tukifagia majani. Rafiki yangu Kozue, ambaye akifungua mdomo shule nzima inasikia, alinitazama kichwani akaanza kucheka. "Jamani, mwoneni Chizuru! Ameota mvi! Bibi, shikamoo!"

"Mvi za nini?" niliuliza.

"Vidudu, wewe! Umejaa vidudu kichwani. Vitatu, vinne... Siku kumi tu theluji hiyo! Tulia nivihesabu."

Nilijipiga kichwani kwa mikono miwili kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Kozue akarudi nyuma, kicheko kikamkauka mdomoni. "Ala! Umeviua. Una nini wewe?" Nilitazama viganja vyangu. Vilikuwa na unga mweupe uliosagika. Nikakimbia msalani nikanawa hadi vidole vikafa ganzi, na bado nikawa naona ule weupe kwenye kucha.

Jioni ile Mama alinipitia shuleni mapema. Tulipofika mjini, magari yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani mbele ya kituo cha mafuta. Mji mzima ulikuwa umeviona vidudu siku moja, na mji mzima ulikuwa umekumbuka matairi siku moja. Ni hivyo hivyo kila mwaka. Mama alipunguza mwendo, akaitazama foleni, akapita.

"Sisi tumepewa nafasi Jumamosi," alisema. Hakusema nafasi ya nini.

Mniruhusu nieleze kuhusu gari la Mama. Majira ya baridi mwaka jana Mama hakuendesha kabisa, alikuwa anapanda basi kwenda zahanati ya mjini. Mwaka huu wamempa wagonjwa wa ng'ambo ya mto, wazee wasioweza kutoka nyumbani, na bila gari haiwezekani. Akanunua kigari kidogo kilichotumika, na seti ya matairi ya baridi ikaja nacho. Matairi hayo yalikuwa bandani, yamefunikwa turubai.

Tulikaa sebuleni, birika likichemka juu ya jiko la mafuta ya taa. Babu alikuwa akitazama hali ya hewa kwenye televisheni. Msichana wa habari akasema kesho alfajiri joto litashuka hadi nyuzi tatu chini ya sifuri, anga litakuwa safi. Anga safi, alisema, kama vile anatupa zawadi. Anga lilikuwa safi hivyo hivyo asubuhi ile ya Baba.

"Kesho naanza kwa Bibi Umezawa, ng'ambo," Mama alisema akimenya kiazi. "Nitatoka saa kumi na mbili kamili."

"Na matairi?" Babu aliuliza bila kugeuka.

"Jumamosi, Baba. Theluji bado."

Theluji bado. Nilitaka kusema, ulimi ukakataa. Maana nilijua nikisema vidudu vya leo, vile vya mwaka ule vitatoka navyo vyote, na baada ya hapo Mama hatanitazama tena kama mtoto wake. Nikamwangalia akimenya kiazi kile. Ana kovu dogo kwenye kidole gumba. Nikaona kipande cheupe cha pili kwenye ukingo wa daraja, kando ya kile cha kwanza. Nikaona Babu anapeleka makopo mawili ya kahawa.

"Mama, usiende kesho," nilisema.

"Nini?"

"Vidudu vimefika. Nimeviona."

Babu alizima televisheni. Mama aliacha kisu. Miaka miwili neno hilo halikuwa limetamkwa chini ya paa letu.

"Sawa," Mama alisema polepole. "Umeviona leo. Basi Jumamosi tutakuwa tumewahi vizuri..."

"Si sawa!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Mwaka ule pia niliviona! Jumatano! Kilinitua hapa, nikakipuliza, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka viatu vya kuteleza. Ningesema, Baba angebadilisha matairi siku ile ile. Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyemuua Baba."

Nilijifunika uso. Nilingoja kofi, au kelele, au mlango kubamizwa. Hakuna kilichokuja. Birika liliendelea kuchemka tu.

Wa kwanza kusema alikuwa Babu, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Jumatano hiyo hiyo nilikuwa naanua nguo," alisema. "Vilijaa kwenye fulana yangu, nikavikung'uta. Mimi, miaka thelathini na minne barabarani! Nilijua daraja lile linaganda kabla ya mahali pengine popote. Barabara ina udongo chini yake unaotunza joto. Daraja halina kitu, upepo wa mto unalipiga juu na chini. Nilijua! Lakini nilimwona Shunpei, baba yako, amerudi amechoka hoi, nikasema ngoja mwanangu apumzike, siku kumi zote ziko mbele yetu. Nimelibeba hilo hadi leo, mjukuu wangu. Kila nikiweka kopo pale namwomba radhi."

Mama alinyanyuka. Nilimsikia akienda mlangoni, nikasikia ndoano ikilia. Akarudi na koti la bluu kifuani, akapiga magoti mbele yangu na kukunjua kola yake ya manyoya.

"Tazama," alisema.

Mle ndani ya manyoya, vimekauka, vimeng'ang'ania, kulikuwa na vidudu viwili vidogo, na weupe wao umebaki kama unga.

"Alhamisi jioni alirudi navyo, vimemjaa shingoni. Nilimpangusa pale mlangoni huku tunacheka. Akaniambia, 'Shhh, Mkuu asijue, atanichapa kwa kuchelewa. Jumamosi tunakwenda kuchagua viatu, Jumapili nitabadilisha. Theluji bado siku kumi.' Nami nikamjibu, 'Sawa, Jumapili.' Ndivyo nilivyomjibu, Chizuru. Sikuweza kulifua. Nilihisi nikilifua nitakuwa naficha kosa langu."

"Baba alijua?"

"Alijua, mwanangu. Taarifa yako alikuwa nayo shingoni."

Nililia. Mama alilia. Babu alitazama dirishani na kupangusa pua kwa taulo la shingoni, akisema moshi wa jiko umemuingia, na jiko lile halina moshi. Sitadanganya kwamba uchungu uliisha pale. Lakini tulikuwa tumekaa watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja na kizuka chake chumbani, na kumbe kizuka chenyewe kilikuwa kimoja.

"Sote wanne tuliviona," Babu alisema mwishowe. "Na vidudu havikumdanganya mtu. Theluji ilianguka siku ya kumi, nakumbuka, tulikuwa bado tunafukiza ubani. Vinajua theluji. Barafu havijui lolote. Ni sisi watu wazima tuliohesabu siku za theluji tukidhani barafu nayo inahesabu."

Mama alipangusa macho kwa mkono wa sweta. Akatazama saa. Nje mwanga ulikuwa bado upo kidogo.

"Basi tumekaa hapa tunalia na giza linakuja," alisema. "Baba, jeki iko wapi?"

* * *

Sikuwahi kumwona Babu akienda mbio hivyo. Alifunua turubai, akainamia tairi moja moja na tochi. Alibonyeza mpira kwa ukucha wa dole gumba.

"Njoo ubonyeze. Umezama?"

"Umezama kidogo."

"Vizuri. Mpira mzee unakuwa mgumu, ukucha hauzami, na tairi gumu kwenye barafu ni kama kiatu cha kioo. Sasa ingiza kidole kwenye mfereji. Umeona kituta hiki? Mpira ukilika hadi ukalingana nacho, hilo si tairi la baridi tena hata kama muuzaji ataapa." Alisoma namba za mwaka ubavuni mwa tairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Yametumika misimu mitatu. Yanafaa."

Mama aliegesha gari mahali tambarare. Babu akaweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya matairi ambayo hayakuwa zamu yao. Mgongo wake hauinami siku hizi, kwa hiyo yeye alikaa juu ya ndoo na kuamrisha. Mimi nililegeza nati gari likiwa bado chini, nimepanda juu ya spana kwa miguu miwili, kwa sababu mikono haikutosha.

"Mtoto huyu ni mwepesi kama kidudu!" Babu alisema, kisha akashtuka kwa alichosema. Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilicheka neno hilo.

"Usikaze nati zilizo jirani," Babu alinifokea nilipoanza kurudisha. "Kaza hii, kisha ya upande wa pili, kisha hii. Ukizifuata kwa mzunguko, tairi linakaa upande. Na kesho jioni tutazikaza tena, maana hulegea zikishatembea."

Tulimaliza gizani kwa mwanga wa tochi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Babu bado hakuturuhusu kuingia ndani. Alijaza maji ya waipa yasiyoganda. Akainua waipa zisimame wima ili zisigande kwenye kioo. Akaweka nyuma koleo, kamba, blanketi na mfuko wa mchanga. Mama aliponyoosha mkono kuvuta breki ya mkono, Babu alimshika.

"Nobue, majira ya baridi usivute hiyo ukiegesha usiku. Ikilowa itaganda, asubuhi gari haliendi. Weka gia ya kuegesha, na mbao chini ya matairi."

"Na mbao nikisahau kuziondoa?"

"Utazikumbuka zikikugomea," Babu alisema.

* * *

Alfajiri nyasi zilikuwa zimevaa weupe na pumzi zetu zilitoka kama moshi. Mama alianza kukwangua kioo cha mbele, akafungua kijishimo cha kuchungulia mbele ya usukani.

"Unaendesha gari au unachungulia tundu la ufunguo?" Babu alisema. "Vioo vyote. Na taa." Kisha akafungua mlango wa nyuma akaingia, na kofia yake ya kazi kichwani. "Leo nakwenda nanyi."

Mama alikwishampigia simu Bibi Umezawa kwamba atachelewa nusu saa. Tulikata kona kwenye uwanja wa ushirika wa maziwa, ambao asubuhi ile haukuwa na gari hata moja. Maji yaliyomwagika jana yalikuwa yameganda sakafuni.

"Nenda hadi mwendo wa thelathini," Babu alimwambia Mama. "Nikisema simama, kanyaga breki kwa nguvu. Na chochote kitakachotokea, usiinue mguu."

"Kitatokea nini?"

"Simama!"

Mama alikanyaga. Chini ya mguu wake pakasikika mlio, gda-gda-gda-gda, pedali ikatetemeka kama ndama anayerusha teke. Mama alipiga kelele akainua mguu, na gari likateleza hadi karibu na mapipa.

"Ndiyo hiyo," Babu alisema. "Umedhani imevunjika, sivyo? Haijavunjika. Breki inajibana na kujiachia yenyewe mara nyingi ili tairi lisikwame likateleza. Inafanya kazi yake. Ukiinua mguu unaifukuza kazini. Rudia."

Alirudia. Mara ya pili aliinua mguu tena. Mara ya tatu nilimwona akiuma mdomo wa chini, mishipa ya shingo imemtoka, pedali ikitetemeka, na mguu wake haukuinuka. Gari likasimama.

"Hiyo ni ya siku ya hatari," Babu alisema. "Ya kila siku ni hii: punguza mwendo mapema, ungali kwenye njia iliyonyooka, kabla ya kona na kabla ya daraja. Teremka kwa gia ndogo, injini ikushike. Nafasi kati yako na gari la mbele iwe mara tatu ya kiangazi. Breki iguse kama unaamsha mtoto mchanga. Na juu ya daraja usikate usukani ghafla, hata akikutokea mnyama."

Ungedhani mzee aliona mbele.

Tulifika kwenye kibao cha njano. Mama aliweka gia ndogo, injini ikanguruma, gari likateremka taratibu. Nilingoja mkono wake uende kwenye redio. Haukwenda. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na mtangazaji akaendelea kuongea habari za bei ya maziwa.

Daraja lilikuwa jeusi na kavu kwa kulitazama. Ungeapa ni kavu. Tulipokuwa tumelikanyaga, kulungu alitoka kwenye matete ya ng'ambo, akaingia katikati ya njia na kusimama, akitutazama. Alikuwa amesimama kando ya kile kipande cheupe.

Nilisikia honi. Wallahi niliisikia, mara moja, nyuma yetu kwenye kona.

Mama aligusa breki. Gari likaendelea kuteleza. Akakanyaga. Gda-gda-gda-gda. Niliona goti lake likitikiswa na pedali, nikamwona Babu kwenye kioo ameshika kiti kwa mikono miwili. Usukani haukukatwa. Mguu haukuinuka. Gari likapunguza, likapunguza, kisha likasimama. Kati yetu na kulungu kulikuwa na hatua kama kumi.

Kulungu alipuliza mvuke puani, akaondoka bila haraka.

Mama alivuta pumzi, akaendesha polepole hadi ng'ambo, akaegesha kwenye nafasi pana kando ya barabara na kuwasha taa za tahadhari. Hapo ndipo alipouachia usukani. Babu alinyoosha mkono kutoka nyuma akauweka begani mwake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alimwita Nobue.

Mama aligeuka kunitazama. "Chizuru, nisikilize, na ulishike hili maisha yako yote. Baba yako hakufa kwa sababu mtoto wa miaka kumi alinyamaza. Sisi tulikuwa watu wazima, tulijua, na tukaahirisha mpaka Jumapili. Kujua si kujiandaa. Gari halijui kwamba dereva wake anajua. Linajua matairi liliyovaa tu. Lakini jana ulisema, ingawa uliogopa, na kwa sababu ulisema tumekaa hapa watatu tukipumua. Ukiona hatari, sema saa ile ile. Na ukiwa na jambo linalokula ndani, sema pia, usiliache likae miaka miwili."

"Na kuanzia mwaka ujao," Babu aliongeza, "matairi ni tarehe kumi Oktoba. Vidudu vitakuja vikute tumemaliza. Vije vitutembelee tu."

Alitoa mfukoni kopo la kahawa ya maziwa. Haikuwa tarehe ishirini na sita, lakini alikuwa nalo. Alinipa mimi. Tulitembea watatu hadi daraja kwa miguu, tumeshikana mikono, tukinyanyua nyayo kidogo kidogo kwa kuogopa utelezi. Niliweka kopo chini ya ukingo mweupe. Chuma kilikuwa baridi kiasi cha kunasa ngozi. Chini mto ulikuwa ukipita zake.

Kidudu kimoja kilikuwa kimetua juu ya ukingo, hakina nguvu kwa baridi. Sikukipuliza.

"Baba," nilisema, "vidudu vimefika. Tumeshabadilisha matairi."

Nilisikia viatu vikigongana nyuma yangu. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama wima na sare yake ya uuguzi, machozi yanamtiririka, mkono ameupandisha kwenye paji la uso.

"Taarifa imepokelewa, Mkuu," alisema.